Siku Niliyosema "Tulisaidiana Sote"

Iko siku moja, mwanangu, ambayo nikiikumbuka hata leo viganja vyangu hutoka jasho. Haikuwa siku ya vita wala ya msiba. Ilikuwa siku ya shukrani. Watu walikuwa wamekaa kwenye nyasi za uwanja wa shule, diwani amevaa koti, chifu ameweka fimbo yake magotini, na mimi, msichana wa miaka kumi na tisa, nikaitwa nisimame nieleze nilichokiona. Nikasimama. Nikasema maneno mawili tu. Yalikuwa maneno ya heshima, na kila mtu aliyapenda. Na ndiyo yaliyomvunjia mwenzangu nyumba.

Nitakueleza taratibu, maana mambo yenyewe ni ya zamani na mimi sina tena pumzi za kukimbilia.

Kijiji chetu kiko upande wa Jilore, si mbali na mto. Jina lake nitaliacha. Waliohusika wana watoto na wajukuu, na mimi bado ninaishi nao, ninateka maji kwenye bomba lao na kuzika nao. Wakati huo nilikuwa nafagia na kuchemsha sindano katika zahanati yetu ndogo, iliyokuwa na tabibu mmoja, kitanda kimoja na kabati lisilofungika vizuri. Mwaka ule masika yalipitiliza. Mto Sabaki ukafura, ukaingia mashambani, ukaingia vyooni, kisha ukaingia visimani. Akaharisha mtoto mmoja, kisha nyumba nzima, kisha nyumba ya jirani. Kilikuwa kipindupindu. Tabibu alikuwa ameshuka Malindi kuchukua dawa, na barabara ikakatika nyuma yake.

Nilifanya nini? Nilijifungia ndani ya zahanati. Watu walibisha, nami nikajibana nyuma ya kabati nikizuia pumzi, kana kwamba ugonjwa ungenisikia. Aliyenitoa mle ni mwanamke aitwaye Mbodze.

Mbodze alikuwa mjane. Aliolewa kwetu akitokea Sabaki, kule mto unapokutana na bahari, na mumewe alipofariki alimwachia binti mmoja wa miaka tisa, Nyevu, na kipande cha shamba la mahindi. Mjane, tena mgeni, asiye na ndugu wa kumsemea. Wahenga walisema dau la mnyonge haliendi joshi. Lakini alikuwa na kitu ambacho sote hatukuwa nacho: aliwahi kukaa na mtoto wake hospitali ya mjini kwa ugonjwa wa kuharisha, akatazama vizuri wauguzi walivyokuwa wakichanganya maji, sukari na chumvi, akakikariri kipimo. Alisimama mlangoni akasema kwa utulivu, "Kadzo, fungua. Lete ndoo zote ulizo nazo. Kuogopa tutaogopa tukiwa tunafanya kazi."

Nikafungua. Kwa siku tisa, mwanangu, sikumwona mwanamke yule akikaa. Aligeuza madarasa mawili kuwa wodi. Aliwapanga wanawake zamu: hawa wachemshe maji, hawa wachimbe vyoo mbali na kisima, hawa wapite nyumba kwa nyumba wakitazama nani ameanza kulegea. Sukari ilipokwisha akapika uji mwepesi wa mchele, akautia chumvi, akawanywesha wagonjwa kijiko kwa kijiko, hata wale waliotapika. Alikuwa akiniambia, "Akitapika, subiri kidogo, umpe tena." Wengi walipona. Wachache tukawazika.

Sasa sikiliza hapa, maana hapa ndipo penye kiini cha mambo. Mwenye mji, yaani boma la ukoo, mkubwa kuliko yote kijijini alikuwa Mzee Karisa, mzee wa kijiji na baba yangu mkubwa. Shamba tulilolima sisi lilikuwa lake, na baba yangu alikuwa hasemi neno mbele yake. Siku ya tatu ya ugonjwa tulisikia kwamba mwanawe wa kiume ameanza kuharisha, kijana wa rika langu, niliyekua naye pamoja. Mbodze akanituma na mtungi. Nikamkuta Mzee Karisa amesimama langoni. Akaniambia nirudi na maji yangu, kwamba mwanawe ana dawa zake, na kwamba mkono wa mjane hautaingia mjini kwake. Siku ya pili yake nikatumwa tena, nikarudishwa tena. Siku iliyofuata walimleta wenyewe wamembeba kwenye kitanda cha kamba. Macho yake yalikuwa yamezama na ngozi ya mkono ukiibana haikurudi. Alifia mikononi mwa Mbodze kabla ya adhuhuri.

Waliokuwapo waliona hilo tu: kijana ameingizwa akiwa hai, Mbodze akamnywesha, akafa. Yaliyotangulia, ile mitungi miwili iliyorudishwa langoni, tuliyajua watatu: Mzee Karisa, Mbodze, na mimi niliyeibeba.

Mto ulipopungua, maneno yakaanza. Mbona yeye hakuugua? Mbona alijua dawa kabla ya tabibu? Mbona wale aliowapenda ndio waliopona? Hakuna aliyelitamka lile neno ambalo kwetu halitamkwi kwa sauti, mutsai, mchawi, lakini lilikuwa limeshakaa kwenye midomo likingoja kutoka. Lisemwalo lipo, na kama halipo laja.

Wakati huohuo tabibu alikuwa amerudi, akaeleza wakubwa wake alichokikuta. Ndipo tukaambiwa kwamba diwani atakuja kufanya baraza. Baraza la wilaya lilitaka kumtambua aliyekiokoa kijiji: lingempa cheti, jina lake liandikwe katika kitabu cha kumbukumbu, na wodi itakayojengwa penye zahanati iitwe kwa jina hilo. Cheti chenyewe kilikuja kimeshapigwa chapa, ila nafasi ya jina imeachwa wazi, maana diwani alitaka kulisikia kwa wananchi wenyewe. Nadhani alifanya hivyo kwa nia njema.

Asubuhi ya siku ile mama yangu alinifunga leso kichwani akaninong'oneza, "Kwa mwoga huenda kicheko, mwanangu, kwa shujaa huenda kilio." Alinipenda, naye aliogopa kwa niaba yangu. Kisha Mzee Karisa akapita kwetu, jambo ambalo halikuwa kawaida yake. Hakunitisha. Hakupandisha sauti. Alikaa kwenye kigoda, akanywa maji, akaniuliza, "Leo utasema nini, mwanangu?" Basi. Akainuka akaenda zake. Lau angenitukana ingekuwa afadhali, maana ningepata hasira, na hasira humshikilia mtu asianguke.

Tabibu ndiye aliyenionyesha kwa kidole: msichana huyu alikuwapo siku zote tisa, na aseme. Nikasimama. Mbodze alikuwa ameketi pembeni na wanawake, Nyevu kamwegemea. Mzee Karisa alikuwa mstari wa mbele, mikono juu ya bakora, ananitazama kwa upole. Nilihisi ulimi umekauka kama gome la mti. Nikasema, "Tulisaidiana sote."

Watu wakapiga makofi. Diwani akafurahi sana, akasema huo ndio umoja, akaandika kwenye nafasi ile "Wananchi wote", na kwa kuwa wananchi wote hawawezi kushika karatasi moja, akamwita mzee wa kijiji akipokee kwa niaba yao. Mzee Karisa akakipokea kwa mikono miwili. Nilimtazama Mbodze. Alikuwa ameinama akimtengeneza Nyevu nywele ambazo hazikuwa zimeharibika.

Mwanangu, uongo mwingine huja umevaa nguo za unyenyekevu. Sikusema jambo ambalo halikutokea. Kweli tulisaidiana. Lakini ndani ya ile "sote" nilimzika mwanamke mzima akiwa hai.

Kwa maana tangu siku hiyo watu walipata hoja. Kama kweli alitenda mema, walisema kisimani, mbona hata Kadzo aliyekuwa naye hakumtaja? Kimya changu kikawa ushahidi dhidi yake. Wakaacha kumjibu salamu. Wanawake aliowapanga zamu wakawa wakimwona njiani wanapita majanini. Asubuhi moja aliamka akakuta mahindi yake yamekatwa, yangali machanga, yamelazwa mstari mmoja kutoka shambani mpaka mlangoni kwake. Hakuna aliyeandika neno. Mstari ule ulitosha kusomeka.

Nilimwendea nikamkuta anafunga mizigo. Nililia, nikaanza kujieleza, habari za baba mkubwa, habari za shamba. Hakunikaripia kama nilivyotaraji. Alikaza fundo la leso yake akasema, "Mimi sikutaka kusifiwa, Kadzo. Nilitaka watu wajue nilikuwa wapi siku zile. Mtu akijulikana alikuwa wapi, ni vigumu kumsingizia kwamba alikuwa kwingine."

Akamshika Nyevu mkono, wakaondoka kwa miguu kuelekea barabara kuu. Nilisikia baadaye kwamba wamefika Kibarani, pale Kilifi mjini, kwa jamaa ya mama yake. Kesho yake adhuhuri nyumba yake iliungua. Jua lilikuwa utosini, mto ulikuwa karibu, na hakuna aliyekwenda kuteka maji. Nami sikwenda. Tulisimama tukatazama paa la makuti likiporomoka, kila mmoja akichelea kuwa wa kwanza kunyanyua ndoo, asije akaonekana anamwonea huruma.

Nimeolewa, nimezaa, nimezika mume, nimestaafu kutoka zahanati ileile. Mbodze alifia Kibarani. Habari zilinifikia miezi mingi baada ya kuzikwa, kwa mtu aliyekuwa akiuza mihogo. Mzee Karisa alizikwa kwa heshima, na siku ya mazishi yake kile cheti kilisomwa miongoni mwa mema aliyoyatenda. Nilikuwapo. Nilipiga makofi na wenzangu.

Mwaka huu sasa, binti mmoja wa ofisi ya utamaduni ya kaunti, Amina, mzaliwa wa Malindi, alifika kwangu na fomu. Shikamoo bibi, marahaba, akaeleza. Kaunti inakusanya, wadi kwa wadi, majina ya wanawake waliochangia historia ya pwani yetu, yaandikwe kwenye ukuta wa ukumbi mjini na kwenye kitabu kitakachopelekwa shuleni. Alisema kila alikopita amepewa majina ya wanaume, na akiuliza wanawake anaambiwa, "Wanawake? Tulisaidiana sote."

Nilipolisikia neno hilo kalamu aliyonipa iliniponyoka.

Mpwa wangu aliyekuwa karibu alinivuta kando. "Shangazi, una mvi kichwa kizima. Unataka watu wakutazame wewe?" Hakuwa anatania. Wewe pia unajua yanayotokea siku hizi. Mwaka uliopita, kijiji cha jirani, mzee alikatwa panga shambani kwake mchana kweupe, na kosa lake lilikuwa kuzeeka; mvi wanaziita uchawi. Hapa kwetu mwenye nywele nyeupe hujifunza kutembea bila kuangaliwa. Usimsifu mtoto wa mtu sana, asije akaugua. Usiulize habari za mgonjwa, usije ukaambiwa unakagua kazi yako. Na mimi nilikuwa nikitaka kufufua jina la mwanamke aliyeshukiwa hivyohivyo.

Nilikaa na ile fomu siku nne chini ya mto wa kitanda. Siku ya tano nikamwomba Amina anipeleke Kibarani kwanza.

Nyevu sasa ni mwanamke wa miaka sitini na ushei. Alitupokea vizuri, akatupa chai, mpaka niliposema mimi ni nani. Akaweka kikombe chini. Nywele zake zilikuwa nyeusi tititi, nikastaajabu, hata aliponigeuzia kisogo nikaona kwenye mashina yake weupe wa nusu kidole. Alikuwa akizitia rangi ya piko tangu mvi ya kwanza. Alimsikiliza Amina, kisha akasema, "Mkimwandika mama, watauliza aliacha nani, na watanijia mimi."

Amina alimwahidi kwamba asipotaka haliandikwi lolote. Nyevu akavikusanya vikombe. Akanigeukia mimi, hakunipa tena neno la heshima, na sikustahili. Alisema, "Ukuta wa kaunti uko mjini. Yale maneno yalisemwa kijijini, na wewe ulikuwapo. Kayasahihishe kulekule kwanza, kwa mdomo wako, mbele ya watu walewale. Ukishafanya hivyo, waandike."

Basi likafanyika baraza, asubuhi, uwanja uleule wa shule. Walewale wengi wamekufa, lakini wajukuu wa Mzee Karisa walikuwa mstari wa mbele kama alivyokuwa yeye. Nilitetemeka, mwanangu, sikufichi. Niliposimama Amina akataka kunishika, nikamkataza. Nikalisema jina: Mbodze. Nikasema alikotoka. Nikasema alikuwa wapi zile siku tisa, nani alichemsha maji na nani aliwapanga. Kisha nikasema habari za mitungi miwili, na za lile lango.

Mjukuu mkubwa wa Karisa akainuka. "Unasema babu yetu ndiye aliyemuua ami yetu?"

"Nasema aliogopa," nikamjibu. "Kama nilivyoogopa mimi."

"Na kwa nini unasema leo, wakati hawezi tena kukujibu?"

"Kwa sababu alipoweza kunijibu, sikuthubutu."

Akachukua kofia yake akaondoka, na ndugu zake wawili wakamfuata. Nikajua nimejifungulia mlango mbaya. Lakini bado nikiwa nimesimama, bibi mmoja aliyekuwa nyuma, asiyeona vizuri tena, akaomba ainuliwe. Akasema, "Mimi nilikuwa zamu ya asubuhi. Mbodze ndiye aliyenionyesha kuchemsha." Akakaa. Akainuka mwingine, akasema mtoto wake wa kwanza alinyweshwa kijiko kwa kijiko darasani mle. Akainuka wa tatu. Walikuwa wakijua. Miaka yote hii walikuwa wakijua, na kila mmoja alikuwa akimngoja mwenziwe aanze.

Amina aliandika mpaka karatasi zikamwishia. Jina liko ukutani sasa, nimelipapasa kwa vidole vyangu. Chini yake hawakuandika "mke wa fulani". Waliandika alichokifanya. Nyevu alikuja kulitazama, akasimama peke yake, akaondoka bila kunisemesha, nami sikumfuata. Ule ulikuwa wakati wake na mama yake.

Usidhani mambo yamekwisha. Wajukuu wale hawajanisalimu tangu siku ile. Jioni ikifika ninakaza komeo, na mbwa akibweka moyo unaruka. Msema kweli hana wajoli. Ila nimezijua hofu zote mbili, ya kunyamaza na ya kusema, nami nakuambia hazilingani uzito. Hii ya sasa nalala nayo usingizi. Ile ya kwanza nililala nayo macho, tangu usichana wangu mpaka mvi.

Sasa nasaha yangu, mwanangu. Ukiitwa kutoa ushahidi wa mema ya mtu, mtaje kwa jina. Sema alikuwa wapi, alifanya nini, kwa mkono upi. "Sote" ni neno zuri la kugawana chakula, lakini likitumika kwenye kumbukumbu humeza wanyonge, na wanaomezwa mara nyingi ni wanawake. Wakija watu wa kaunti na kalamu zao, usidhani serikali inajua. Serikali huandika kile vinywa vyetu vinachotoa, na tukitoa upepo itaandika upepo. Wala usingoje afe ndipo umsifu, maana sifa ya aliye hai ni boma lake. Mama yangu aliniambia kwa mwoga huenda kicheko. Simlaumu, alinitakia uhai. Lakini kwangu mimi kicheko hakikufika. Ogopa, hakuna aibu, kisha useme hivyohivyo sauti ikitetemeka.

Mwenyezi Mungu akupe ulimi usiokauka siku ya kuhitajiwa. Akukutanishe na watu watakaolitaja jina lako ukiwapo na usipokuwapo. Akujaalie uzee wa kutembea barabarani mchana, kichwa wazi, mvi zako zikionekana, na kila unayepishana naye akuamkie. Amina.